Kwa wasichana wa Malindi mnaoanza chuo

Wadogo zangu mnaotoka Malindi mwaka huu kwenda vyuoni, iwe Kilifi, Mombasa au Nairobi, nyumbani mtausiwa mengi kuhusu stara. Yashikeni, ni mema. Ila msiende mkidhani buibui litamzuia mwalimu aliyekwisha kunuia kuwasumbua kimapenzi. Nimesoma na wasichana waliovaa ninja, yaani nikabu ya kufunika uso, na bado wakaandikiwa jumbe za usiku wa manane. Msumbufu hutafuta anayemhitaji na asiye na wa kumsemea, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mbali na kwao, ni yote mawili.

Mara nyingi huanzia kwenye alama. Mtihani umefanya, jina umesaini, matokeo yakitoka alama zako hazipo. Ukiuliza, unajibiwa kwa WhatsApp: "Njoo jioni tulizungumze, uje peke yako." Usinyamaze, usitukane, wala usitume kikaragosi cha kucheka ili kupoza mambo, maana kesho kitaonyeshwa kuwa ulikuwa radhi. Jibu kwa adabu: "Shikamoo mwalimu. Nitafika ofisini kesho saa nne asubuhi pamoja na kiongozi wa darasa. Barua ya kufuatilia alama naipeleka idarani leo." Kisha uipeleke kweli, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mwalimu muungwana hataona ubaya wowote hapo.

Nasisitiza maandishi kwa sababu ya sheria yenyewe. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinamshika mwenye mamlaka anayemtaka mtu kimapenzi tena na tena huku akijua hatakiwi, hadi masomo au kazi ya mtu huyo ikaharibika. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Lakini mahakama itataka kuona kwamba alirudia. Kwa hiyo andika tarehe, saa, mahali, na nani alikuwepo. Skrinshoti mtumie mtu mwingine siku hiyo hiyo. Simu huibiwa na jumbe hufutwa.

Mtu huyo awe nani? Kwetu msichana ana somo wake, yaani mwanamke mtu mzima anayemfunda, na kama hana, yuko shangazi. Wengi hunyamaza wakihofia kuambiwa "basi, rudi nyumbani", na hofu hiyo si ya bure, nimeona wenzangu wakikatizwa masomo hivyo. Ndiyo maana namtaja somo: akijua mapema, siku habari ikimfikia baba atakuwepo mtu mzima wa kusema kwamba mtoto hakuficha kitu. Na nyinyi wazazi, kumtoa binti chuoni ni kumwadhibu aliyedhulumiwa.

Mtakaorudi kufanya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwenye mahoteli ya huku kwetu, jueni kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Iulizie siku ile ile unapopewa sare. Bosi akikwambia hatakutilia saini mpaka utoke naye, mwambie mwalimu anayekuja kukukagua, usingoje atachimenti iishe.

Likitokea la kushikwa kwa nguvu, Mungu apishe mbali, hospitali kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Usioge, na nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Namba 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure, usiku na mchana. Polisi nenda na mwenzako, ulizia dawati la jinsia, na uombe fomu ya P3, ile ambayo daktari hujaza kuhusu madhara uliyopata. Ukiambiwa mkayamalize nyumbani mbele ya wazee, jibu kwamba umekuja kuandikisha ripoti, na usitoke kituoni kabla hujapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.