Usimtoe paka kabla hujajua aliyekula

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza baada ya Isha, mama yako kaketi pembeni. Nimefurahi kwamba bwana'ko amekubali mfuge kuku hapo uani. Unasema koo ameangua vizuri, lakini vifaranga wawili wametoweka, na unaniuliza kama uwagawe wale paka wako, au kama kuku na paka wanaweza kukaa nyumba moja.

Kukaa wanakaa. Wewe umezaliwa hapa Lamu, mtaa wa Langoni, umekulia humo humo, paka juu ya daka la mlangoni na kuku chini yake. Ila mimi katika ujumbe wako nimesikia jambo jingine. Nimesikia mtu ambaye ameshahukumu na sasa anatafuta mzee wa kumtilia muhuri. Nani amemuona paka akila? Umesema tu kwamba yule wa kijivu "anazungukazunguka tengani". Mamaangu, kuzunguka si kula. Nimewaambia tangu mko wadogo na nitawaambia hadi nifukiwe: dhana si ushahidi.

Kisa cha Saburi, paka wetu wa zamani, mnakijua nyote, lakini mmekipokea kwa bibi yenu, na bibi yenu alikuwa akikifupisha kwa kumhurumia ami yako mkubwa. Nikueleze nilivyokiona mimi.

Bibi yako alikuwa na koo kishingo, mkali, ndiye aliyekuwa akituletea pesa ya daftari na sare. Mwaka ule aliangua vizuri sana. Bibi akawafunga vifaranga uzi mwekundu mguuni ili wasichanganyike na wa jirani, na usiku akawafunika kwa tenga kiwandani, yaani ua wa ndani, chini ya ngazi. Ikawa kila akifunua tenga asubuhi, hesabu haitimii. Hakuna unyoya, hakuna tone la damu. Ami yako akaamka usiku mmoja kunywa maji, akamkuta Saburi amejikunyata mbele ya tenga, uso umeelekea kwenye fito, hatikisiki. Kwake yeye kesi ikaisha palepale.

Asubuhi akamtia kwenye kapu la ukindu, akalishona mdomo kwa uzi wa nyavu, akashuka nalo gatini kutafuta mashua ya kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara. Mimi nilimfuata nyuma nikilia. Nilikuwa mdogo lakini nilisema, na hilo sitalisahau, nilimwambia: kama amekula, mbona hajanenepa? Akaniambia ninyamaze. Naliona lile kapu mpaka leo, ukucha mmoja umetokeza katikati ya ukindu, unaingia na kutoka.

Wiki iliyofuata vifaranga walipungua kwa kasi zaidi. Bibi yako akaanza kuhamisha vitu ghalani, gunia kwa gunia, na nyuma ya nazi za akiba likaonekana tundu la panya, limechimbwa mpaka chini ya ngazi. Ndani yake mlikuwa na vijiguu, kimoja bado kina uzi mwekundu. Saburi alikuwa akimvizia panya. Alikuwa mlinzi, naye ndiye aliyefukuzwa.

Ami yako alitazama lile tundu, akatawadha, akaenda Ijumaa. Baadaye alikuwa akivuka kwenda Mokowe mara kwa mara na kusema ana shughuli zake. Mimi sikumuuliza shughuli gani, na paka hakurudi naye.

Sasa, nisikudanganye kwa mapenzi yangu ya paka. Paka anakula kifaranga. Yule mchanga hasa, anayeona kitu kidogo kinakimbia huku kinalia, hawezi kujizuia. Kuku mkubwa hamwendei. Koo akitimua manyoya na kumrukia mara moja tu, paka mzima hutafuta njia nyingine. Kwa hiyo miezi miwili ya mwanzo vifaranga wasiachwe na paka bila mtu kuwatazama. Na paka ashibe kabla hujamlaumu. Vichwa vya samaki hapo Malindi havikosekani.

Lakini wangapi wengine wanakula kifaranga! Panya nimeshamtaja. Tenga la fito halimzuii, maana anatoka chini. Liweke juu ya sakafu ya saruji, au utandike wavu wa chuma wenye matundu madogo, na chenga na chicha visilale uani. Ukiwagawa paka, panya watajua kabla ya majirani.

Mchana kuna kunguru. Hawa wa Bara Hindi waliletwa Unguja miaka ya 1890, wakaenea pwani yote, na mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja, na mji wenu ulikuwa ndani ya mpango huo. Kunguru hushuka, huchukua, hupaa, haachi alama. Mwewe naye vivyo hivyo. Kama vifaranga wako wametoweka mchana, kwanza tazama juu.

Na kama ni vifo, usimtazame kabisa paka. Kuku akipinda shingo, akihara kijani, na wenzake wakamfuata siku chache, hicho ni kideri. Kinazuiwa kwa tone la chanjo jichoni, na chanjo hurudiwa kila miezi mitatu. Mtafute daktari wa mifugo kabla hawajaugua, kwa sababu kikishaingia hakina tiba.

Kinachonitia hofu zaidi, na hukukiuliza, ni viroboto. Mchanga wa pwani una wale wadogo weusi wanaoganda usoni mwa kuku, kuzunguka macho na kishungi, kama mbegu za ufuta. Hao hao huganda masikioni mwa paka. Kuku anaoga vumbi pale paka anapochimba choo chake, basi wanagawana. Wa usoni wapake mafuta ya mgando, watakosa hewa. Lakini ukinunua dawa ya unga ya kuku, msomeshe mumeo karatasi yake: ikiwa na permethrini isimfikie paka. Kwa kuku ni dawa, kwa paka ni sumu ya kuua. Mtu anaweza kuwapaka kuku asubuhi, paka akalala kwenye vumbi lile jioni, kisha akaanza kutetemeka, na watu wakasema amelogwa.

Sungura wa watoto akae banda lake. Kuku wanadonoa macho, na kinyesi chao kisimwangukie kwenye majani yake. Hilo ni dogo.

Mama yako anasema nikujibu wazi, uwagawe au usiwagawe. Nyumba ni yako na bwana'ko, mimi siwezi kukaa Lamu nikahukumu uani kwenu. Ningesema, ningesema… Ngoja. Nafikiria pia upande wa ami yako. Alikuwa kijana, baba hayupo, nyumba nzima inamtazama yeye, na pesa ya sare inapungua kila asubuhi mbele ya macho yake. Mtu wa namna hiyo hutaka kufanya kitu, chochote, siku hiyohiyo. Sisemi alikosea. Tumekula jasho lake. Lakini Mwenyezi Mungu ametuambia baadhi ya dhana ni dhambi, na yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume aliyemfungia paka hadi akafa kwa njaa tumehadithiwa sote katika chuo cha Kurani, ami yako pia.

Basi fanya hivi kwanza. Usiku wa leo waweke vifaranga ndani, mlango ufungwe, paka nje. Asubuhi hesabu. Kesho mchana kaa uani wewe mwenyewe, si msichana wa kazi, ukatazame nani anakuja. Ukimuona paka kwa macho yako ana kifaranga mdomoni, nipigie, tutazungumza, na sitakubishia.

Nimemwagiza mtu wa Matondoni tenga jipya, la fito zilizobanana, na wavu mkuukuu wa samaki tumepewa kwa ajili ya kuzuia kunguru. Vyote nitavivusha Mokowe vije na basi. Mwambie bwana'ko aupime ua kwa hatua, mpaka upande wa mwembe, anitumie kesho, maana wavu tunataka kuukata kabla ya Alhamisi.

Baba yako