Unataka kusimuleti handova? Anza na simu moja na minara miwili

Wiki hii madogo wawili wa mwaka wa nne wamenitafuta, wote projekti yao ni handova, yaani pale simu inapoachana na mnara mmoja ikashikwa na mwingine we uko zako kwenye daladala unaongea tu. Na wote wameingia shimo lile lile nililoingia mimi, minara 19, watumiaji 200, ns-3 (programu ya kusimuleti mitandao) imeshushwa usiku kucha kwa bando la kuungaunga, matokeo yakitoka hawajui hata waanze kuyaangalia wapi.

Jamani weka ns-3 pembeni kwanza. Fungua Python, weka minara miwili iliyoachana mita 500, simu moja ndani ya gari inatoka mnara A kwenda B kwa spidi ya kilometa 60 kwa saa, unapima kila sekunde 0.1. Kupotea kwa mawimbi tumia ile fomula ya mjini ya 3GPP (wale wanaoweka viwango vya mitandao ya simu), 128.1 + 37.6 mara logi ya 10 ya umbali kwa kilometa, halafu ongeza kivuli cha majengo, namba ya bahati nasibu yenye mtawanyiko wa desibeli 8 hivi. Sheria ya kuhama iwe moja tu, mnara jirani akimzidi mwenyeji (mnara ulioishika simu sasa hivi) kwa desibeli 3, hama.

Sasa ngoja niwape aibu yangu. Ya kwangu ya kwanza simu ilihama mara 47 kwenye hizo mita 500, A B A B kama mtoto wa wazazi walioachana. Nikasema basi desibeli 3 ni ndogo, nikapandisha mpaka 10, kweli kuhama kukapungua ila sasa simu inang'ang'ania mnara wa zamani mpaka inakata. Wiki mbili nahangaika na hiyo namba. Supavaiza wangu, mzee mmoja mpole, akaangalia grafu kidogo tu akaniuliza, "Kijana, kwani kila hatua gari linasogea mita ngapi?" Nikapiga hesabu, mita 1.67. "Kwa hiyo ndani ya mita moja na nusu ghorofa limekuja na limeondoka?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kila hatua nilikuwa nachomoa kivuli kipya kabisa, wakati kivuli cha kweli kinabadilika taratibu jinsi unavyosogea. Dawa yake ni mstari mmoja: kivuli kipya = a × cha zamani + mzizi wa (1 − a²) × 8 × namba ya bahati nasibu, na a ni eksponensho ya hasi umbali uliosogea gawanya kwa mita 50. Kwa gari langu a inatoka kama 0.967, maana yake kivuli cha sasa kinafanana sana na cha hatua iliyopita. Nikaendesha tena na desibeli 3 zangu zile zile, simu ikahama mara 6 tu.

Hapo ndo ukaongeze muda wa kusubiri, kwamba jirani aendelee kumzidi mwenyeji kwa milisekunde kadhaa ndo simu ihame. ns-3 yenyewe inakuja na 256, anza na hiyo. Usiendeshe mara moja ukaandika ripoti, badilisha sidi (namba inayoanzisha bahati nasibu) mara 30 hivi uchukue wastani, na usihesabu handova peke yake maana simu iliyokata njiani nayo inaonekana "haikuhamahama". Hesabu na zilizokata, na zilizorudi mnara wa zamani ndani ya sekunde moja.

Mmoja wa madogo kauliza kuhusu treni, na hapo ndo patamu. SGR ikitembea kilometa 160 kwa saa ni mita 44 kwa sekunde, kwa hiyo kusubiri milisekunde 256 treni imeshakula mita 11, ukiweka 1280 imekula karibu 57. Namba iliyokaa vizuri kwenye daladala la foleni ya Ubungo, huku kwenye treni simu inakata kabla hata haijaamua kuhama. Nimemwambia aweke spidi tatu kwenye grafu moja, mtembea kwa miguu, daladala na treni, anitumie Jumamosi tuone.