Maswali yenu: Black Coffee alitokea wapi?

Safari hii mmemwandama Black Coffee, DJ na prodyuza wa Afrika Kusini. Yale ya "ana mke?" na "ana hela kiasi gani?" nimeyaruka makusudi.

Kwani huyu si ametoboa kwa mgongo wa Drake? (Msomaji, Mwanza)

Hapana, ndugu yangu. Drake, yule rapa wa Kanada, alimkuta njiani. Nkosinathi Maphumulo alizaliwa Durban mwaka 1976, akakulia Mthatha, akarudi Durban kusomea muziki wa jazi. Akaimba kwenye kundi la watu watatu, Shana. Mwaka 2003 akachaguliwa kwenye mafunzo ya Red Bull Music Academy yaliyofanyika Cape Town, na 2005 akatoa albamu ya kwanza kupitia lebo yake mwenyewe, Soulistic Music. Hapo penye lebo ndipo ningependa mtie alama. Alipokuja Drake mwaka 2017 na "Get It Together", wimbo ule ulijengwa juu ya "Superman", ambao Black Coffee alikuwa ameutoa na mwimbaji Bucie tangu 2009. Kwa hiyo kama kuna aliyebebwa, tuulizane vizuri ni nani.

Mbona kila video mkono wa kushoto uko mfukoni? Ni mikogo? (Msomaji, Kigamboni)

Wengi hudhani hivyo. Februari 1990, usiku ambao watu walijaa barabarani kushangilia Mandela kutoka gerezani, gari liliwavamia. Yeye alikuwa na miaka 13. Mishipa ya fahamu ya begani iliharibika, mkono ukapooza.

Sasa mtazame akiwa kazini. DJ wa kawaida, wimbo mmoja unapotoka na mwingine unaingia, hushika vitufe viwili kwa pamoja: kulia anapandisha besi ya unaoingia, kushoto anashusha ya unaotoka. Mwenye mkono mmoja hana anasa hiyo. Lazima ashushe kwanza, ndipo apandishe, na kama nyimbo hazijashikana mapigo sawasawa, ukumbi mzima utasikia. Ndiyo maana sikio lake na uchaguzi wake wa nyimbo ni mzigo mkubwa kuliko vidole. Ma-DJ wetu wanaokata wimbo kila sekunde kumi na kupiga honi katikati wangemtazama huyu kwa saa moja tu, wakiwa wamekaa kimya.

Grammy aliipata kwa wimbo gani?

Si wimbo, ni albamu: *Subconsciously*, iliyotoka 2021. Tuzo ikatolewa Aprili 2022, kipengele cha albamu ya dansi na elektroniki.

Ni kweli alipiga muziki saa 60 mfululizo? (Msomaji, Nakuru)

Kweli, Maponya Mall, Soweto, mwaka 2010, na vipumziko vifupi tu, akisaka rekodi ya Guinness. Kwangu lile lilikuwa tangazo zaidi ya muziki. Kama unataka shoo ya kumpima, chukua ya Oktoba 2023 pale Madison Square Garden, New York.

Kaka, mimi ni DJ wa harusi hapa Tanga. Nina laki nane. Ninunue kontrola mpya (mashine ya kuchanganyia nyimbo) au niingie studio?

Kontrola uliyonayo inawaka? Basi ingia studio. Ukipiga harusi unalipwa usiku ule, asubuhi hesabu imekwisha. "Superman" ilikaa miaka minane kisha ikafika kwa Drake, na iliweza kwa sababu ilikuwa na mwenyewe. Tengeneza biti mbili za uhakika, tafuta mwimbaji mmoja wa hapohapo Tanga mwenye sauti, na kabla hajashika maiki muandikiane mgao kwenye karatasi, kila mtu asaini. Kisha usajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Chenji ikibaki, nunua hedifoni nzuri.