Mji wa Unguja alfajiri, ukiwa kwenye meli ya Pemba

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna haja ya kukatisha usingizi kwenye meli ya usiku itokayo Mkoani, bandari ya Pemba, ili kuuangalia mji wa Unguja, maana umeona wenzetu wa nje wanavyosifia miji yao wakiwa kwenye treni za alfajiri. Haja ipo, tena kubwa. Nasafiri na meli hiyo kwa biashara ya maembe na ndizi, na sijaichoka alfajiri hata moja.

Treni hata sisi tulikuwa nayo, ile ya Bububu iliyoanza 1905, ikitokea Ngome Kongwe na kufuata pwani. Imekufa zamani, lakini meli inapita mbele ya pwani ileile: Bububu, Mtoni, Maruhubi, halafu bandari ya Malindi, hapo hapo mjini Unguja.

Kaa upande wa kushoto. Meli inashuka kusini na Unguja inabaki mashariki yako, kwa hiyo jua linatokea nyuma ya mji. Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Mji Mkongwe umeelekea magharibi, baharini. Alfajiri huoni madirisha wala rangi ya kuta, unaona umbo tu, jeusi, na mbingu nyuma yake inageuka taratibu kuwa ya manjano. Mapaa yote yamelala sawa, kisha Minara Miwili ya kanisa inachomoza juu yake. Haidumu. Jua likishavuka mapaa linakupiga machoni na umbo lote linapotea.

Angalia na mwezi. Julai jua huchomoza saa 12 na nusu imeshapita, na meli ikiwahi utateremka gizani. Novemba hata saa 12 haijatimu kumeshapambazuka, na bahari mara nyingi imetulia kuliko wakati wa upepo wa kusi. Mimi Novemba siikosi. Ukitoka nje shika vyuma vizuri, vinalowa umande na chumvi mpaka mkono unateleza.

Zamani nilianza na mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Marehemu baba alinifundisha tangu mdogo: "Ukiuona mnara, mwanangu, funga mzigo." Nikawa nautafuta kabla ya kitu chengine chochote. Tarehe 25 Disemba 2020 mnara ukaporomoka na sehemu ya jumba, watu wawili wakafariki. Safari iliyofuata nilisimama palepale ninaposimama siku zote. Mzee mmoja pembeni yangu, kikombe cha kahawa mkononi, alinyoosha kidole pale penye uwazi, akakaa hivyo muda mrefu bila ya kusema neno, mpaka kahawa yake ikapoa. Na mimi sikusema.

Kwa hiyo usisubiri mpaka jumba lirudi kama zamani ndiyo uangalie. Hata pale mnara ulipoporomoka ni sehemu ya mji wetu, na kila nikipita napaangalia kwanza, halafu nahamia kwenye Minara Miwili.

Mkifika usawa wa Maruhubi, waamshe watoto. Wangu nawavika kanga ya mama yao mabegani kwa ajili ya upepo, nawasimamisha mbele yangu, na mapakacha nimeshayafunga kabla, ili wachukuzi wakianza kuita Malindi nisiwe nimeinama.