Kombania, Majina ya Utani na Maisha ya Makadeti: Majibu kwa Wasomaji wa Nairobi

Wiki hii tumepokea maswali kuhusu maisha ya ndani ya vyuo vinavyofundisha maafisa wa jeshi, na mengi yamegusa West Point ya Marekani, chuo kilichoanzishwa 1802 ambacho hupokea pia makadeti wachache kutoka nchi rafiki.

Nimemaliza kidato cha nne. Kila nikisoma kuhusu West Point nakutana na neno kombania. Ni bweni tu, ama? (Kijana, Kayole)

Bweni ni sehemu yake, kijana wetu, lakini kombania ni zaidi ya mahali pa kulala. Makadeti wote, kama 4,400 hivi, ni brigedi moja. Brigedi ina rejimenti 4, na kila rejimenti ina kombania 9, kuanzia A hadi I. Jumla ni 36. Ukiona F-2, hiyo ni kombania F ya rejimenti ya 2. Kila moja ina watu kama 120, na humo wamechanganywa wa mwaka wa kwanza hadi wa nne.

Mchanganyiko huo ndio siri yenyewe. Wa mwaka wa kwanza, anayeitwa plebe, hana cheo. Wa mwaka wa pili hukabidhiwa plebe mmoja au wawili. Wa mwaka wa tatu ni sajini na huongoza seksheni, yaani kikundi kidogo. Wa mwaka wa nne ndio makamanda wa platuni (seksheni kadhaa pamoja), na mmoja wao huongoza kombania nzima. Juu yao yuko ofisa kamili, kapteni au meja, ambaye makadeti humwita Tac, pamoja na sajini mzoefu wa jeshi. Plebe akichelewa gwarideni au viatu vyake visipong'aa, anayeulizwa kwanza ni yule wa mwaka wa pili. Kijana wa miaka 19 anajifunza kujibu kwa ajili ya mtu mwingine kabla hajapewa askari thelathini wa kuongoza.

Nasikia kombania hizo zina majina ya wanyama. Si utoto huo kwa watu wanaoandaliwa kwenda vitani? (Mwalimu, Buruburu)

La, mwalimu, na tunaomba tukae hapa kidogo.

Katika ratiba rasmi ni B-4, D-1, F-4. Midomoni mwa makadeti ni Buffaloes, Ducks, Frogs: yaani Nyati, Mabata, Vyura. Utaona kwamba kwa Kiingereza jina mara nyingi huanza na herufi ya kombania, na kwa hivyo plebe hulikariri siku ya kwanza. Si zote hufuata mtindo huo. F-2, kwa mfano, ni Zoo, yaani bustani ya wanyama.

Sasa fikiria rika katika jamii zetu. Wakalenjin wana Maina, Chumo, Sawe, Korongoro na mengine, majina yanayozunguka kizazi baada ya kizazi. Watu hupita, jina likabaki. Chuoni, darasa la mwaka mmoja ndilo rika, nayo kombania ni kama ukoo unaokata katikati ya marika yote. Kila baada ya miaka minne damu yote ya kombania imebadilika. Hakuna aliyeko F-4 leo aliyekuwepo miaka mitano iliyopita, ila Vyura wapo. Jina ndilo mzee wa boma.

Kuna sababu nyingine. Kadeti huvaa sare ileile ya kijivu, hukata nywele vilevile, hula saa ileile. Chura aliyechorwa kwenye fulana ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo makadeti wenyewe wamejichagulia. Jina la kuchekesha humfaa zaidi mtu aliyechoka kuliko jina la kutisha, kwa sababu halimdai ajifanye shujaa.

Lakini jina tupu halifungi watu. Linahitaji kazi nyuma yake. Jenerali Douglas MacArthur, alipokuwa mkuu wa West Point kati ya 1919 na 1922, alilazimisha kila kadeti kushiriki michezo. Leo kombania hupambana zenyewe kwa zenyewe mwaka mzima. Kuna pia shindano la Sandhurst, linaloshindaniwa kwa upanga uliotolewa zawadi mwaka 1967 na chuo cha maafisa cha Uingereza chenye jina hilo. Humo kuna kufyatua shabaha, kusoma ramani, kuvuka vizuizi kwa kamba. Mwenye mbio za peke yake hasaidii kitu, maana kinachopimwa ni kikosi kizima. Ukishabeba mkoba wa mwenzako aliyeteguka mguu, neno "Vyura" linaanza kuwa na uzito.

Na Waingereza hufanya vivyo hivyo? (Msomaji, South B)

Hapana. Kombania za Sandhurst hupewa majina ya vita: Blenheim (1704), Waterloo (1815), Somme (1916), Alamein (1942). Mwanamfalme William alikuwa Blenheim, Harry akawa Alamein. Kozi ya kawaida huko ni wiki 44, muda usiotosha watu kuzua jina na kulirithisha. Kwa hivyo jina hutoka juu likiwa tayari na heshima yake, na kadeti hujitahidi kulifikia.

Mwanangu ataingia chuo cha kijeshi. Nasikia hubandikwa majina. Likiwa la matusi afanye nini? (Mama, Umoja)

Mama, majina yatakuwepo, na mengi hayana ubaya. Ulysses Grant, jenerali aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alizaliwa akiitwa Hiram Ulysses. Mbunge aliyempendekeza West Point mwaka 1839 alikosea jina, likaandikwa Ulysses S. Grant. Wenzake walipoona "U. S." kwenye orodha wakamwita Mjomba Sam, kisha Sam tu, na Sam akabaki.

Mengine yana sumu. John Pershing, aliyekuja kuwa jenerali maarufu wa Marekani, alifundisha West Point mwaka 1897, na makadeti walimchukia kwa ukali wake. Kwa kuwa alikuwa amewaongoza askari Weusi wa kikosi cha 10 cha farasi, walimbandika tusi la kibaguzi. Baadaye lililainishwa likawa "Black Jack", na ndivyo anavyotajwa vitabuni hadi leo. Tusi halikumlenga yeye peke yake. Liliwapiga pia askari wake, ambao hata hawakuwepo kujitetea.

Mwambie mwanao apime mambo matatu. Je, jina hilo linaweza kutamkwa mbele ya ofisa? Yeye mwenyewe hulitumia akijitambulisha kwa marafiki? Linataja alichofanya, au linataja kabila, dini, umbo, jinsia? Likishindwa hata kipimo kimoja, aseme mapema, wiki ya kwanza, kabla halijazoeleka. Aanze na kiongozi wake wa karibu, faraghani. Lisipokoma, aende kwa kamanda wa kombania, kisha kwa ofisa msimamizi au kasisi. Aandike tarehe na maneno yenyewe yalivyotamkwa. Kunyamaza ili aonekane mgumu ndilo kosa tunaloliona likirudiwa mno.

Undugu wa kombania unaweza kugeuka silaha? (Msomaji, Eastleigh)

Unaweza, na umewahi. Benjamin O. Davis Mdogo, kijana Mweusi, aliingia West Point mwaka 1932. Kwa miaka minne alilala chumba peke yake, alikula peke yake, na hakuna aliyemsemesha ila kikazi. Nia ilikuwa achoke aondoke. Alihitimu 1936 akiwa wa 35 kati ya 276, baadaye akawa jenerali. Watu wanaoishi ghorofa moja na kula pamoja hawahitaji amri ya maandishi kumtenga mmoja wao. Kukonyezana kunatosha. Ndiyo maana ofisa msimamizi hapaswi kufurahia tu kwamba kombania yake "imeshikana". Aulize imeshikana dhidi ya nani.

Hata upangaji ulikuwa na kasoro. Kwa miaka mingi makadeti waligawanywa kwa urefu ili mistari ya gwaride ionekane sawa, warefu kombania za pembeni, wafupi za katikati. Macho ya watazamaji yaliridhika, lakini watu wakapangwa kama mbao.

Kwa nini wa mwaka wa tatu huitwa ng'ombe? (Mwanafunzi, Pangani)

Zamani kadeti hakwenda nyumbani hadi amalize miaka miwili. Darasa lililorejea likizoni likafananishwa na ng'ombe warudio zizini.

Nasimamia maskauti 40. Naweza kuiga nini? (Kiongozi, Jamhuri)

Majina ya wanyama tayari mnayo kwenye doria zenu, yaani vikundi vidogo vya skauti, kwa hivyo uko mbele. Gawa doria 5 za watu 8, na usiweke mamono (wa kidato cha kwanza) wote pamoja. Kila doria iwe na wa kila kidato. Kila mkubwa akabidhiwe mdogo mmoja kwa jina. Katika mashindano, saa isimamishwe anapofika wa mwisho. Doria ikiharibu, badilisha kiongozi, usibadilishe jina. Nunua daftari moja kwa kila doria, yaandikwe majina ya wanachama kila Januari, na likae kwa kiongozi wa doria badala ya kabati la mwalimu.