Karakana ya Wasomaji: Gari Lipi Kali Zaidi, na Utalijuaje?

Barua za toleo hili zinazunguka ubishi mmoja: marafiki wawili, magari mawili yaliyoongezwa nguvu, kila mmoja anashikilia kuwa lake ndilo kali. Majibu yote hapa chini ni ya wanaokimbia mahali palipofungwa, iwe uwanja wa mbio au njia ya ndege iliyokodiwa kwa idhini, penye wasimamizi na gari la wagonjwa. Barabara ya watu wote haina nafasi katika safu hii.

Wahariri, nina Subaru Impreza WRX ya turbo, rafiki yangu ana Mark X ya 3.5. Tulikimbia mita 402 (robo maili). Mimi nilitumia sekunde 13.9 nikavuka kwa kilomita 156 kwa saa. Yeye 14.2, lakini alivuka kwa 159. Anasema gari lake ndilo lenye nguvu, mimi nasema aliyeshinda ni aliyeshinda. Nani mkweli? (Msomaji, Nairobi)

Nyote wawili, ndugu yetu, kwa kuwa hizo namba mbili hazipimi kitu kimoja. Muda wa mita 402 huamuliwa zaidi na mwanzo: tairi zimeshika vipi, klachi imeachiwa vipi, nguvu zimefika chini kwa magurudumu mangapi. Kasi ya kuvukia mstari huamuliwa zaidi na nguvu ikigawanywa kwa uzito. Dereva akiteleza mwanzoni atapoteza muda mwingi, lakini kasi ya mwisho itabaki karibu ile ile.

Ipo hesabu ya zamani ya wana mbio inayokadiria nguvu kutokana na kasi hiyo. Chukua uzito wa gari pamoja na dereva kwa kilo, zidisha kwa 2.2. Kisha gawanya kasi ya kuvukia kwa 377, jawabu uliinue kwa kipeo cha tatu (jawabu × jawabu × jawabu). Zidisha matokeo hayo mawili. Tukichukua WRX yako kuwa kilo 1,480 na wewe ndani, unapata takriban nguvu za farasi 231 (kwa kifupi, farasi 231). Mark X ikiwa kilo 1,640 na mwenyewe ndani, inapata takriban 271. Ni makadirio, si cheti cha kutundika ukutani, ila yanafaa sana kulinganisha magari mawili yaliyokimbia siku moja, mahali pamoja. Uzito msiubahatishe: piteni kwenye mizani, kila dereva kitini, tangi nusu.

Sasa tazameni muda wa mita 18 za kwanza, ambao kifaa chochote kizuri cha kupima mbio hutoa. WRX inayovuta kwa magurudumu manne ikiondoka vizuri hupata kama sekunde 1.9. Gari la magurudumu ya nyuma kwenye tairi za kawaida mara nyingi huwa 2.3 au zaidi. Kila sekunde 0.1 inayopotea hapo huwa karibu 0.15 kwenye mstari wa mwisho. Kama pengo lenu la mwanzo lilikuwa 0.4, basi rafiki yako alistahili kuwa nyuma kwa 0.6. Alifika nyuma kwa 0.3 tu. Hiyo 0.3 aliyoirudisha ndiyo nguvu anayoisema.

Mkitaka kuondoa kabisa suala la mwanzo, anzeni mkiwa mnatembea. Nendeni sambamba kwa kilomita 60 kwa saa, kila mmoja katika gia aliyochagua, msimamizi apige honi tatu, ya tatu ndiyo ruhusa. Au kila mmoja apimwe peke yake kutoka 100 hadi 200 pale penye urefu wa kutosha. Hapo tutatarajia Mark X itangulie. Lakini mita 402 mlizokimbia ulishinda wewe, na huo ushindi ni wako.

Mimi na binamu yangu tuna Subaru za aina moja zenye turbo. Mimi niko Mombasa, daino (mashine ya kupima nguvu za gari) ilinipa farasi 290. Yeye yuko Nairobi, karatasi yake inasema 320. Fundi ni tofauti. Je, nimepunjwa? (Msomaji, Mombasa)

Huenda hukupunjwa hata kidogo. Kabla ya kumlaumu fundi, iangalie hewa.

Usawa wa bahari presha ya hewa ni takriban kilopaskali 101. Kwenye mwinuko wa mita 1,700, ambao ni wa sehemu nyingi za Nairobi, ni kama 82. Injini isiyo na turbo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 17 ya nguvu zake kwa sababu hiyo tu. Ndiyo maana gari la kawaida likishuka kutoka bara hadi pwani dereva hulihisi kana kwamba limefanyiwa sevisi.

Kwa hiyo mashine za daino hurekebisha matokeo ili yasomeke kana kwamba gari lilipimwa katika hali ya hewa ya kawaida. Kipimo kinachotumika sana cha Marekani, SAE J1349, hurejesha kila kitu kwenye kilopaskali 99 na nyuzi 25. Kwa injini isiyo na turbo ni haki. Kwa turbo ni hatari, kwa sababu ikiwa programu ya injini inalenga presha kamili (ya hewa ya nje na ya turbo pamoja) ndani ya manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini, turbo huzunguka kwa kasi zaidi na kuziba pengo. Injini imepoteza kidogo, lakini mashine inaifidia kana kwamba imepoteza yote. Kwenye presha ya Nairobi fidia hiyo huwa karibu mara 1.23. Farasi 260 zilizopimwa kweli huchapishwa 320. Mombasa, hata kwenye joto na unyevu wenu, fidia huwa karibu asilimia 2 au 3, hivyo 290 yako ilikuwa kama 283 kabla ya kurekebishwa.

Muombe binamu yako karatasi isiyo na marekebisho, na wewe uombe yako. Kila fundi anaweza kuichapisha upya, kwa kuwa mashine huhifadhi vipimo ghafi. Kisha ulizeni mambo matatu zaidi: nguvu ni za magurudumuni au zimekadiriwa injinini, ni farasi za Kiingereza au za kipimo cha metriki (kilowati 1 ni 1.34 za kwanza, 1.36 za pili), na je, aina ya mashine ni moja? Mashine inayopima kwa uzito wa ngoma (rola zinazozungushwa na magurudumu) na ile yenye breki ya kuizuia hutofautiana kwa namba nyingi hata kwa gari lile lile. Daino ni chombo cha kupima gari lako kabla na baada ya kazi, kwenye mashine ile ile. Kulinganisha karatasi za miji miwili ni kazi bure.

Na jihadharini na saa ya turbo, yaani geji ya presha. Saa husoma presha iliyozidi ile ya nje. Bar moja ni kilopaskali 100, kwa hiyo bar 1.0 kwenye saa ya Mombasa ni 2.01 kamili, bar 1.0 hiyo hiyo Nairobi ni 1.82. Anayeshusha gari pwani akiwa na programu iliyoandikwa bara apitie kwa fundi kwanza, kwa sababu injini itapata hewa nzito zaidi. Petroli yetu ya pampu pia si ile ya hadhi ya juu ya Japani, ambayo huuzwa kwa oktani (kipimo cha petroli kuzuia injini kugonga) karibu 100 na ndiyo WRX za soko la Japani zilipangiwa. Injini ikianza kugonga, yaani petroli ikilipuka ovyo ndani yake, pistoni huvunjika kwenye kingo za ringi, na hilo halirekebishwi kwa kubadili plagi.

Je, programu ya simu inatosha kupima sifuri hadi mia? (Msomaji, Arusha)

Haitoshi. GPS ya simu nyingi hutoa usomaji mmoja kwa sekunde, na ndani ya sekunde moja gari kali limeongeza kilomita 20 kwa saa. Kifaa kidogo cha GPS kama Dragy husoma angalau mara 10 kwa sekunde, VBOX Sport ya Racelogic mara 20. Chochote kati ya hivyo viwili kinatosha kwa marafiki.

Tazameni mpangilio mmoja ambao huleta ugomvi mkubwa: kuna chaguo la kuanza kuhesabu baada ya gari kusogea sentimita 30, kama viwanja vya Marekani vinavyofanya. Hilo peke yake hupunguza sekunde 0.2 hadi 0.3. Wote mliwashe au wote mlizime. Angalieni mteremko pia. Asilimia 1 ya kushuka ni mita 4 katika mita 402, na humpa gari la sekunde 14 zawadi ya karibu 0.15. Kimbieni pande zote mbili ili upepo na mteremko vifutane, badilishaneni njia, kila mmoja mara tatu, mchukue muda wa katikati, si ule bora. Spidomita isahauni kabisa: sheria za kimataifa huiruhusu kuzidisha, kamwe si kupunguza, na ukibadili ukubwa wa tairi imeharibika zaidi.

Kwenye kundi letu kuna Golf GTI, Demio iliyoguswa kidogo na Evo (Mitsubishi Lancer Evolution) moja. Evo hushinda kila mara, wengine wamechoka kuja. Tufanyeje? (Msomaji, Nakuru)

Kimbieni kwa muda uliotangazwa. Huu ndio mchezo mzuri kuliko yote kwa marafiki, na tunasikitika kwamba huku kwetu hauchezwi vya kutosha. Kila dereva hukimbia majaribio mawili au matatu, kisha huandika kwa chaki kwenye kioo muda anaoamini atautimiza. Golf akiandika 15.2 na Evo 12.8, Golf hutangulizwa kwa sekunde 2.4. Wa kwanza kufika anashinda, isipokuwa akikimbia haraka kuliko muda aliouandika; akifanya hivyo ameshindwa. Sharti hilo ndilo linalomzuia mtu kuandika muda wa uongo ili atangulizwe.

Anayewahi kuondoka kabla ya taa au bendera naye ameshindwa. Wote wawili wakivunja muda wao, anashindwa aliyeuvunja zaidi. Hapo Demio isiyobadilika badilika huwa na nafasi sawa na Evo, pengine zaidi, kwa sababu turbo yenye joto hutofautiana kwa sekunde 0.3 kati ya mbio ya kwanza na ya tano. Mwenye Evo atajifunza kusubiri dakika 10 na boneti wazi ili kipoza hewa kipoe.

Ni nini huharibika siku ya mbio, na tukague nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Giaboksi ya WRX ya gia tano ni mgonjwa maarufu: ukiachia klachi ghafla injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000, tairi zikishika, meno ya gia huondoka. Anza na 3,500, iachie klachi kwa muda mfupi lakini si kwa kishindo. Magari ya CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua) msiyafanyie mwanzo mkali kabisa.

Mafuta ya injini yajazwe hadi alama ya juu. Mafuta ya breki yawe mapya: DOT 4 isiyo na maji huchemka kuanzia nyuzi 230, iliyonyonya unyevu inaweza kushuka hadi 155, na hapo pedali huzama. Tairi za mtumba soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2317 ni wiki ya 23 ya 2017, na tairi hiyo isikimbizwe. Herufi ya kasi nayo: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240.

Mwisho wa njia ndio hupuuzwa zaidi. Kwa kilomita 180 kwa saa, kwenye lami nzuri na breki nzima, gari huhitaji karibu mita 160 kusimama, bila kuhesabu muda wa dereva kushtuka. Tengeni mita 500 tupu baada ya mstari, bila gari lililoegeshwa wala mtu aliyesimama na simu akipiga picha. Helmeti kwa kila dereva, abiria hakuna, na betri ifungwe isiruke.