Unaanza kutengeneza juisi za choya, mnanaa na manjano nyumbani? Anza na rangi

Habari zenu ndugu zangu, hasa nyie mnaoanza anza kutengeneza vinywaji vya maua na majani nyumbani, iwe ni kwa ajili ya familia au mnataka kuwauzia majirani kidogo kidogo. Maswali ninayoulizwa karibu yote yanafanana: choya yangu mbona imekuwa ya kahawia, mnanaa mbona umegeuka rangi ya mboga iliyolala, manjano mbona inatuama chini. Mtu anahangaika na sukari na iliki wakati shida yake iko kwenye rangi, na rangi inaharibiwa zaidi na moto, sufuria na ndimu (au kukosa ndimu). Ukishajua kila rangi inapenda nini na inachukia nini, hata resipi ya mtu hutaihitaji sana.

Tuanze na choya maana ndio inapatikana masokoni kirahisi, Dodoma wanalima sana, na Ramadhani ikifika futari nyingi haziishi bila jagi lake. Ujue kwanza unachonunua sio petali. Ua lenyewe likishachanua linanyauka haraka, linabaki lile ganda jekundu nene linalofunika tunda, ndilo linalomenywa na kukaushwa. Sokoni chukua kidogo uweke kiganjani, iwe nyekundu iliyokolea inayokaribia zambarau, ukiikunja inakunjika. Ikiwa ya kahawia na chini ya mfuko kuna unga unga, hiyo imekaa sana stoo, achana nayo hata kama wanakupunguzia bei.

Nyumbani chukua kama gramu 40 kwa lita moja na nusu ya maji, hizo ni konzi mbili hivi. Ioshe chap chap kwa maji baridi, usiiache ilowe kwenye maji ya kuoshea maana ile nyekundu inayotoka ndio juisi unaimwaga. Chemsha maji peke yake, yakichemka zima moto, tia choya, funika dakika 15 mpaka 20, chuja, tia sukari ingali ya moto. Basi! Sio kuitokotesha nusu saa nzima, ile rangi nyekundu inaitwa anthosayanini na moto mrefu unaivunja, ndio unapata kahawia yenye uchachu mkali. Tangawizi na mdalasini vinataka kuchemka, kweli, lakini vichemshe kwenye maji kabla, choya iingie mwisho. Mimi binafsi naipenda zaidi ya baridi, unailoweka usiku kwenye maji safi ya kunywa unaweka kwenye friji, asubuhi unachuja, inatoka nyekundu inayong'aa na uchachu wake ni mpole.

Sasa hapa naomba mfanye kitu kimoja kabla ya kutengeneza jagi zima. Mimina choya isiyo na sukari kwenye glasi tatu, kidogo tu, alafu ongeza maji kidogo. Ya kwanza iache. Ya pili kamulia ndimu, utaona wekundu unawaka. Ya tatu tia punje chache za baking soda, koroga, itapita kwenye zambarau iende buluu ya kijivu, ukizidisha inakuwa kijani kichafu, na hapo unalitazama ua lile lile. Ukiona hivyo kwa macho yako utaelewa kwanini maji ya kisima yenye magadi au chokaa yanafanya juisi ipauke hata kama choya ni nzuri, dawa yake ni ndimu nusu au kubadilisha maji. Na sufuria ya aluminiamu nayo iweke pembeni kabisa, uchachu wa choya unaila, rangi inavuta zambarau na kuna kaladha ka chuma kanaingia. Tumia stenlesi, glasi au enameli ambayo haijabanduka.

Kuna lile ua la buluu la mmea unaotambaa kwenye fensi, jamii ya maharage, kitaalamu ni Clitoria ternatea, Thailand wanatengeneza nalo kinywaji wanaita nam dok anchan. Hilo nalo ni anthosayanini, maua kama kumi kwenye kikombe cha maji ya moto dakika tano, inakuwa buluu kabisa, ukikamulia ndimu inageuka zambarau hapo hapo mbele ya wageni. Ladha yake ni ndogo sana, kwahiyo pika mchaichai kwanza ndio uloweke maua humo. Tumia ua tu, mbegu zake usile.

Kijani ni kinyume chake jamani. Rangi ya majani ukiipa ndimu na moto inakufa, inakuwa kama khaki. Kwahiyo mnanaa uchovye kwenye maji yanayochemka kama sekunde 15, utoe utie kwenye maji ya barafu, alafu saga na maji baridi na uchuje. Ndimu weka kwenye glasi wakati wa kunywa, usiweke kwenye jagi. Na hii haikai, itengeneze inyweke siku hiyo hiyo.

Manjano yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwahiyo kutuama sio kosa lako, tikisa chupa kabla ya kumimina. Mbichi iliyokwanguliwa ikachemshwa na mchaichai inatoa njano nzuri kuliko ya unga. Vaa glavu, na kitambaa chako cha kuchujia kikishika njano kifue ukianike kwenye jua kali, jua linaififisha. Kwa sababu hiyo hiyo, chupa ya juisi ya manjano isikae dirishani.

Bitiruti naipita haraka, saga mbichi, chuja, ongeza ndimu, moto hauipendi. Ila mwambie unayempa kwamba mkojo unaweza kutoka wa pinki, watu wanashtuka wanakimbilia hospitali.

Usalama sasa, na hapa nakuwa mkali kidogo. Sio kila ua zuri linanyweka. Oleanda, lile la pinki au jeupe lenye majani membamba marefu linalopandwa sana kama pambo, ni sumu ya moyo, na yale makubwa ya umbo la tarumbeta yanayoning'inia nayo ni sumu. Kama hulijui ua kwa uhakika usiliguse. Maua ya duka la maua pia hapana, yamepigwa dawa za wadudu na hayakulimwa kwa ajili ya kuliwa. Na choya inashusha presha kiasi, kwahiyo mama mjamzito au mzee anayetumia dawa za presha aongee na daktari kwanza kabla ya kuifanya ya kila siku, hata kama wewe unaiona ni juisi tu.

Kuhifadhi: chupa za glasi zilizochemshwa, jaza ikishapoa, friji, siku tatu au nne basi. Ukifungua ikatoa gesi na povu hiyo imeanza kuchacha, mwaga. Andika tarehe kwenye kila chupa, hasa ukiwa unauza, maana mteja hajui uliipika lini. Na barafu igandishe kwa juisi yenyewe badala ya maji, kwasababu mchana wa joto barafu ya maji inayeyuka ndani ya glasi na rangi yote uliyoitunza tangu asubuhi inapauka kabla mtu hajafika nusu.